Kware Wawili wa Gogo Moja

Nyumbani, chumba cha nyuma ya karakana,
Jumapili, 14 Agosti.

Mpendwa mwanangu Panya,

Pokea salamu zangu mimi shangazi yako, za moto kama nilivyo mwenyewe. U hali gani? Kifua kimetulia, au bado unakohoa unga wa hao waajiri wako? Unakula? Nauliza kwa sababu waoka mikate wote ninaowajua mimi ni wembamba, wanalisha mji mzima halafu wao wanalala na chai kavu. Na uvae soksi. Baridi ya huko haijui wewe ni mtoto wa nani.

Sisi huku hatujambo kwa kiasi chetu. Goti langu linanisumbua nikipanda ngazi, lakini mikono ni mizima, wapo watakaoshuhudia. Mama yako mzima, presha imeshuka. Dada yako mzima, ila mdomo wake ndio hauna breki. Baba yako yu hai, anakula, anatukana watu. Ukisikia anatukana, ujue anapona.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu yako siiwezi. Nikikupigia unafoka, nami nikifokewa nafoka, tunamaliza salio hatujaambiana kitu. Barua haikatizwi maneno. Kwa hiyo kaa kitako, sogea mbali na kisu chochote kilicho karibu, usome mpaka mwisho.

Dada yako ameniambia ulichomwambia. Kwamba umeomba likizo, unakuja, na utamkata Baba yako Mkubwa mkono uleule aliomkata baba yako, mengine yafuate huko mbele. Kwamba polisi walihongwa. Kwamba sisi wanawake wa nyumba hii tulikaa tukitazama. Hilo la mwisho ndilo lililonichoma. Mimi na kutazama, Panya, wapi na wapi? Ulikuwa na miaka mingapi ulipojua uzito wa kiganja changu?

Basi nikusimulie mimi niliyeikanyaga hiyo damu, maana wewe umesimuliwa na mtu aliyekuwa saluni.

Unawakumbuka ndege wa babu yako kwenye rafu za karakana: njiwa, mwewe, kanga, kware, na yule korongo mrefu wa kusimama sakafuni. Wengi hudhani alichonga mmoja mmoja. Sivyo. Babu alikuwa anachukua gogo, analipasua katikati kwa shoka, na kila nusu anatoa ndege. Mgongo, mabawa na kichwa alivisugua mpaka vikateleza. Tumbo hakuligusa. Aliliacha lilivyopasuka, na vinyuzi vyake vyote. Ukiwakutanisha wale wawili wa gogo moja, tumbo kwa tumbo, wanafunga kabisa. Ukiwainua dirishani mwanga haupenyi. Ukimkutanisha na wa gogo jingine, wanakataana palepale.

Korongo peke yake ndiye hakuwa na mwenzake, maana ile nusu ya pili bibi yako aliipikia siku aliyokosa kuni. Babu alimrushia patasi. Bibi akamrushia mwewe, akampata utosini. Nakukumbusha haya usije ukadhani wazimu huu umeanza juzi. Katika ukoo wetu mikono hutangulia, akili hufika baadaye ikihema.

Wewe unaye kware mmoja, yule mwenye mkia uliogugunwa. Uliota meno juu yake, na jina la Panya ukalipatia hapo. Mwenzake alibaki na baba yako, hapohapo karakana.

Sasa, kuna bwana mmoja mthamini wa vitu vya kale, sisi tunamwita Kioo kwa sababu hakuangalii mpaka ainue kile kioo chake cha kukuzia. Alimwona ndege wa babu katika duka moja la vitu vya zamani, akaulizauliza, akafika kwetu. Baba yako Mkubwa ndiye aliyemkaribisha, naye ndiye mwenye ufunguo wa karakana tangu babu afe, si unajua, mkubwa ni mkubwa.

Simpendi Kioo, lakini kazi yake anaijua, lazima niseme. Alikuja na ndege wawili wa kughushi ili tujifunze tofauti. Walikuwa wamepakwa rangi ya viatu waonekane wazee. Akatuambia tuwatazame chini ya mabawa: weusi umeingia hata kule ambako mkono wa mtu haufiki. Wa kwetu ni weusi mgongoni na shingoni tu, pale mikono ilipowashika miaka na miaka, na chini ya bawa mti bado una rangi yake. Macho ya wale wa kughushi yametobolewa kwa mashine, duara safi. Ya babu yamechomwa kwa msumari wa moto, na jicho la kushoto siku zote limekaa chini kidogo, kwa kuwa moshi ulikuwa unamwingia akachoma huku kafumba moja. Alipofika kwa mwewe akapapasa lile bonde la mdomo uliobonyea, akasema alama za namna hiyo zinapandisha thamani. Nikamwambia hata utosi wa babu ulikuwa na alama hiyohiyo, angewahi kumthamini na yeye.

Lakini thamani yenyewe, akasema, iko tumboni. Ndege mmoja mmoja mtu anaweza kubisha. Wawili wakifunga mwanga usipenye, hakuna wa kubisha duniani, hao ni wa mzee huyu na si wa mwingine. Akatuachia kazi ya kutafuta nani ni mwenzake nani, akasema atarudi.

Kazi hiyo ilikuwa ngumu. Ndege walishachanganyika. Ninyi watoto mliwachezea, mkawabadilishana, mwingine ulimtupa chooni wewe. Baba yako Mkubwa akasema ataifanya peke yake, akajifungia.

Hapa ndipo unisikilize vizuri, maana hapa dada yako hana analolijua. Baba yako Mkubwa ni fundi wa nini? Wa milango. Maisha yake yote, mlango ukikataa kufunga, anafanya nini? Anapiga randa, anaunyoa mpaka ukubali. Alikaa asubuhi nzima akimjaribisha huyu na yule, wanakataana. Mchana ukamkuta ametoka jasho na uvumilivu umemwisha. Akachukua randa. Akawalaza chali mmoja mmoja kwenye jiriwa, ile ya kubania mbao, akawasawazisha matumbo. Mimi nilikuwa uani nafua, nikaisikia ile randa ikilia, nikadhani anatengeneza mlango wa mtu.

Baba yako alikuwa anatoka kununua gundi. Alisukuma mlango, nami nikaja nyuma yake na beseni langu kutafuta kamba. Maranda mapya yalikuwa yamejaa sakafuni. Na Baba yako Mkubwa, Mungu amsamehe ujinga wake, alikuwa anacheka. Kawainua njiwa na kanga dirishani, tumbo kwa tumbo, akasema, "Tazama! Wanafunga! Wote sasa wanafunga!"

Na kweli. Kila ndege alikuwa anafunga na kila ndege. Alichokichonga baba yetu maisha yake yote kilikuwa kimekaa sakafuni kikisubiri ufagio.

Baba yako aliokota nyundo ya mti akampiga kaka yake kati ya bega na shingo, nikausikia mfupa. Mimi nilidondosha beseni. Baba yako Mkubwa akamrushia randa usoni. Ule wembe wake ukampasua nyusi, damu ikamshukia macho yote mawili. Wakashikana. Unawajua wale wazee, kila mmoja ana mikono ya kubeba magogo. Walipigana kama wanavyopigana watu wanaojuana tangu tumbo moja, kila mtu anajua mwenzake anaumia wapi. Rafu iliwaangukia na ndege wote. Baba yako alimng'ata sikio, akatema damu. Mimi napiga kelele waache, nawavuta mashati, nimepigwa kiwiko hapa kwenye taya mpaka leo natafunia upande mmoja.

Katika ndege wote alibaki mmoja mezani ambaye randa haijamfikia. Kware wa baba yako. Mwenzake na wako.

Baba yako Mkubwa alimwona. Alikuwa amelowa damu, sikio linaning'inia, akashika tezo, lile shoka dogo la kuchongea, akapaza sauti, "Basi na huyu naye!" Akainua. Kwa tezo ile alimlenga kware, Panya. Nilikuwa nimesimama pale, macho yangu sijayakopesha mtu. Hakumlenga ndugu yake. Ila baba yako alinyoosha mkono wa kulia akamfunika yule ndege, na tezo ilikuwa imeshashuka.

Kidole gumba na cha shahada vilibaki mezani. Sitakuficha, viliruka kidogo kisha vikatulia.

Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Jembe halikuwa karibu, nikachukua korongo. Nilimshika miguu nikamzungusha, mdomo ukampata Baba yako Mkubwa kwenye meno. Ya mbele yote yametoka, sasa akisema "sisi" unamsikia kama pancha. Nilimpiga tena mgongoni, shingo ya korongo ikakatika, nikaendelea na kiwiliwili. Kwa hiyo ukisema tulikaa tukitazama, uombe radhi kwa maandishi, na uanze na korongo.

Lakini ngoja nikwambie nilichokiona huku nikimpiga, maana ndicho kinachonifanya nikuandikie. Hakujikinga. Alikuwa amepiga magoti, amevua shati, anamfunga baba yako mkono, anavuta kwa meno aliyobaki nayo, mimi namshindilia na yeye hata hageuki. Alipomaliza akambeba mgongoni. Bega limevunjika, Panya, na akambeba. Akatoka mbio barabarani kifua wazi, damu inamtoka mdomoni, baba yako kalegea mgongoni na mkono wa kushoto bado umemkumbatia kware. Mimi nyuma yao na kipande cha korongo, nampiga kila nikimfikia. Wenye maduka walifunga milango. Tulipofika zahanati muuguzi alitutazama wote watatu akauliza, "Mgonjwa ni nani?"

Polisi walikuja, wakamchukua Baba yako Mkubwa, akalala ndani. Hakuna aliyehonga wala aliyeombwa hongo. Baba yako alipozinduka aliulizwa, akajibu, "Tezo iliteleza." Mimi nikamwambia yule afande kwamba haikuteleza, na nikataka kuonyesha ilivyoshuka. Baba yako akainua mkono wa bandeji anizabe kofi, akanikosa, akazimia kwa maumivu. Afande alisema ukoo huu ufungwe wote, au uachwe wote. Akatuacha wote.

Nilikasirika. Nilikaa siku nyingi sisemi na baba yako. Nilitaka kaka yetu afungwe, nilitaka alale kwenye saruji mpaka ajue. Kwa hiyo usidhani hasira uliyonayo wewe mimi sina. Ninayo, na yangu ina meno ya watu mfukoni.

Kioo naye akarudi. Akawapanga wale waliopigwa randa, akawatazama kwa kioo chake mmoja mmoja, akafunga mkoba. Akasema hawa sasa ni mbao zenye mabawa. Kisha akamwona kware kwenye kiti karibu na kitanda cha baba yako, damu imekauka juu yake na tumboni, kwenye vile vinyuzi. Panya, yule mtu aling'aa uso. Akauliza mwenzake yuko wapi. Nikamwambia yuko mbali, na mkia wake umegugunwa. Akasema hao wawili ndio pekee watakaoweza kuthibitishwa sasa, tusiioshe ile damu hata kidogo, wanunuzi wanapenda kitu chenye kisa.

Nilimkunja kola. Nikamtandika kibao cha kwanza kwa ajili ya kidole gumba, cha pili kwa ajili ya shahada. Kile kioo kilianguka nikakikanyaga kwa kisigino, na goti hilihili bovu. Akatoka kinyumenyume. Baba yako kitandani alicheka mpaka mshono ukavuja, nikaanza kumtukana yeye. Ndivyo tulivyorudi kusemeshana.

Sasa hali ilivyo. Baba yako Mkubwa anakuja kila asubuhi. Mwanzoni alikaa nje kwenye kizingiti, baba yako akimrushia vitu kutoka ndani: kopo la gundi, kiatu, siku moja patasi, ikakwama kwenye fremu sentimita chache kutoka kichwani. Hakuondoka. Kesho yake karudi, kaichomoa, kainoa, kaiweka mezani. Siku hizi ameruhusiwa kuingia. Baba yako anajifunza kuchonga kwa mkono wa kushoto, na aliyebaki na mikono ya kumshikia mti ni yule aliyemkata. Bega halijapona vizuri, ukimtikisa anakunja uso, na baba yako anamtikisa makusudi. Wanatukanana tangu wanafungua mpaka wanafunga, matusi ambayo siwezi kuyaandika, barua itaungua. Jana nilimsikia baba yako akisema, "Kidole kimoja hakivunji chawa, na mimi mkono huu vimebaki vitatu, kwa hiyo chawa wakae wakijua." Baba yako Mkubwa alianza kucheka, kisha akalia, na kwa vile hana meno huwezi kujua mara moja ni kipi. Usidhani kuna amani humo ndani. Kuna kazi.

Wale ndege waliopigwa randa wamerudi rafuni. Randa yenyewe baba yako ameipigilia ukutani kwa misumari, kwa mkono wake wa kushoto, na kila msumari umepinda. Haishuki pale.

Sasa wewe unataka kuja na kisu. Utamkata mkono gani, mwanangu? Ule unaomshikia baba yako mti? Halafu nani atamshikia, wewe, ukiwa ndani? Na baba yako, unayetaka kumlipia kisasi, alitoa vidole viwili kwa ajili ya ndege. Unadhani ataweka nini mbele ya kisu chako ukimwinulia kaka yake? Mimi najua. Ataweka ule mkono mwingine. Ndiyo tabia yake, na ndiyo sababu silali.

Baba yako hakutumii salamu za msamaha, hajui zinavyosemwa. Ametuma jambo moja tu: uje na kware wako. Anataka kuwakutanisha. Nilimwambia, kama alivyosema Kioo kabla sijamkanyagia kioo, kwamba mti uliokaa miaka karibu na tanuri hukauka na kupinda, na huyu wa huku amelowa damu akavimba, kwa hiyo huenda hawatafunga tena. Baba yako alimgeuza kware mapajani. Baba yako Mkubwa alikuwa ameshika gogo, akainamisha kichwa, maana mambo ya mti kukataa kufunga anayajua kuliko sisi sote.

Kisha baba yako akasema, "Mwanga ukipenya, upenye. Hakuna atakayemgusa."

Basi njoo, Panya. Mfunge kware wako kwenye sweta, mweke katikati ya mzigo, asigongwe. Kisu kiache huko kikate mikate. Ukija nacho utanikuta mlangoni, na miguu ya korongo bado ninayo.

Nisalimie wenzako wa kazini, na yule mama mwenye nyumba anayekupa supu, mwambie shangazi yako anamwombea. Mama yako anakusalimu na analia, lakini huyo hulia hata akikata kitunguu cha jirani. Dada yako anakusalimu, nimemwambia afunge mdomo. Baba yako anakusalimu. Baba yako Mkubwa alipoona naandika alisimama mlangoni muda mrefu, kofia mkononi, halafu akaivaa, akaondoka. Hesabu kwamba amekusalimu hata yeye.

Mungu akulinde njiani, akupoze moyo, akuzuilie mkono, na akufikishe ukiwa na vidole vyote.

Ni mimi shangazi yako, nikupendaye hata nikiwa nimeinua fimbo.